MWANGA BIN MUTESA: MFALME ALIYETAFUTA KIVULI KATIKA KILA DINI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye ufalme usiokoma. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Imekuwa ada ya kurasa hizi kueleza maisha ya wanavyuoni na watu wema. Mara hii tumeazimia kueleza khabari za mfalme ambaye hakuwa mwanachuoni, wala hatudai kuwa alikuwa mtu mwema. Naye ni Mwanga bin Mutesa, Kabaka wa Buganda. Tumefanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ujirani. Darasa letu lipo Otonglo, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Busia na Uganda, na ziwa tulionalo kila siku ndilo lililombeba mfalme huyu mara alipokimbia na mara aliporudi. Hata ardhi hii ya Kisumu ilihesabiwa katika Uganda mpaka mwaka 1902, ndipo ilipotiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Uislamu ulifika Buganda kwa mikono ya watu wa pwani, nao ni wazee wa wasomaji wetu. Ulipita wakati, si mrefu, ambao Waislamu walishika enzi ya Buganda, kisha wakaipoteza. Wako wanaozisimulia khabari hizo kwa majivuno, na wako wanaozisimulia ili kutushutumu. Sisi tutazieleza kama zilivyokuwa, ili kila mwenye akili achukue mazingatio yake.

Waliosoma tarikh ya Ulaya wanamjua Louis wa 16, mfalme wa Ufaransa. Alirithi enzi mwaka 1774 naye ana umri wa miaka 19, akaikuta khazina inazidi kulemewa na madeni. Mwaka 1789 akayaita mabaraza ya watu wake, na hapo mapinduzi yakaanza. Leo alikubali sharti, kesho akalitangua. Mwezi wa Juni 1791 akatoroka usiku pamoja na ahali zake, akakamatwa mji wa Varennes akarudishwa. Mwaka 1792 ufalme ukafutwa, na tarehe 21 Januari 1793 akakatwa kichwa. Tangu siku ile ya kutoroka hapakuwa na kundi lililoliamini neno lake. Miaka mia baadae, kando ya ziwa letu, alisimama mfalme kijana katika mtihani kama ule. Lakini kule Ufaransa watu walimpindua mfalme kwa jina la wananchi, na huku Buganda walimpindua kwa jina la dini.

BABA YAKE NA KUINGIA KWA DINI BUGANDA

Waislamu wa kwanza walifika Buganda katika zama za Kabaka Suna, babu yake Mwanga. Anayetajwa zaidi miongoni mwao ni Ahmed bin Ibrahim, mfanya biashara, aliyefika mwaka 1844. Suna alipokufa akatawala mwanawe, Mutesa. Huyu aliupenda Uislamu mapenzi ya mfalme: akajifunza kusoma, akajenga misikiti, na tangu mwaka 1867 akafunga Ramadhani kiasi cha miaka kumi, akawaamrisha na watu wake wafunge. Ila hakukubali kutahiriwa, kwa kuwa ada ya Waganda ilikataza damu ya mfalme isimwagike.

Vijana wa ikulu walioisoma dini wakaifahamu kuliko bwana wao. Wakakataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Kabaka, na wakaona vibaya kusali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, yaani yeye mwenyewe. Mutesa akaghadhibika. Yapata mwaka 1876 akawaua kwa moto makumi ya vijana hao huko Namugongo. Hao ndio mashahidi wa kwanza wa dini katika Buganda, nao walikuwa Waislamu. Miaka kumi baadae mahali pale pale wakachomwa vijana wa Kikristo, na hao ndio waliopata kujulikana duniani.

Mwaka 1877 wakafika wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, na mwaka 1879 mapadre wa Kikatoliki kutoka Ufaransa. Mutesa akawapokea wote, akawasikiliza wote, wala hakumfuata mmoja. Alikuwa akiwatazama hawa na hawa kama mwenye duka atazamavyo wateja: nani ana bunduki, nani ana nguo, nani atanisaidia nikipigana na Misri iliyokuwa ikishuka kutoka kaskazini. Mzee yule alikuwa na akili nyingi na haiba kubwa, hata akaweza kuwashika wote mpaka alipokufa tarehe 10 Oktoba 1884, mwisho wa mwaka 1301 wa Hijra. Akamwachia mwanawe nyumba yenye milango mitatu, na kila mlangoni watu wenye silaha.

KUTAWALA KWAKE

Mwanga alizaliwa yapata mwaka 1868. Alipokalia kiti hakuwa ametimiza miaka ishirini. Alikuwa na hamaki za ujana, alipenda bangi na starehe, na hakuwa na haiba ya baba yake. Lakini tusimdhulumu: khofu yake ilikuwa na sababu. Mwaka ule ule wa 1884 Wadachi walikuwa wakiandikiana mikataba na machifu wa bara nyuma ya Bagamoyo, na mwezi wa Agosti 1885 manowari zao zikasimama mbele ya jumba la Sayyid Barghash, Unguja, zikimtisha. Khabari hizo zilifika Buganda kwa vinywa vya wafanya biashara wa Kiarabu na Kiswahili, nao wakazitia chumvi kwa kuwa walizichelea biashara zao. Tena Waganda walikuwa na imani ya zamani kuwa atakayeila nchi yao atatokea upande wa mashariki, njia ya Usoga.

Mwezi wa Januari 1885 Mwanga akaua vijana watatu wa Kikristo. Mwaka ule ule Askofu James Hannington akatoka pwani, akapita nchi ya Wamaasai, akaja upande wetu huu mpaka kwa Sundu, ndiyo Mumias. Hapo akaiacha sehemu kubwa ya safari yake chini ya padre Mwafrika, William Jones, naye akaendelea na wapagazi yapata hamsini kwa njia ile ile ya mashariki iliyoogopwa. Akakamatwa Usoga, na kwa amri ya Mwanga akauawa tarehe 29 Oktoba 1885 pamoja na wapagazi wake, ila wachache walionusurika. Watu humtaja askofu, lakini wapagazi wale maskini hawatajwi, na wengi wao walikuwa wana wa pwani waliotoka majumbani kutafuta riziki.

Mwezi wa Novemba akauawa Joseph Mukasa, mkubwa wa watumishi wa ndani, kwa kuwa alithubutu kumlaumu Kabaka kwa kumuua mgeni. Kisha tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa Namugongo vijana wengi kwa mara moja, Wakatoliki na Waprotestanti. Sababu zilikuwa mbili zilizosukana. Mfalme aliona kuwa vijana wake wana bwana mwingine wanayemtii kuliko yeye. Na vijana wale walimkatalia mambo machafu aliyoyataka kwao, mambo ambayo dini yao inayaharamisha kama iharamishavyo yetu. Haki ni haki hata ikiwa kwa asiyekuwa wetu: vijana wale walikufa kwa kushika heshima ya nafsi zao, na mfalme aliyewaua alidhulumu.

La ajabu ni kuwa mfalme huyu huyu akawapa vijana wasomaji bunduki. Akaunda vikosi vipya, vingine chini ya wakuu wa Kiislamu, vingine chini ya Wakristo, akawaachilia wawanyang'anye wazee na watu wa mashamba. Alitaka kuwatisha wakuu wa zamani wa baba yake kwa vijana hawa. Hakujua kuwa anafuga chui ndani ya zizi.

MAPINDUZI

Alipotambua kuwa vikosi vimemzidi nguvu, Mwanga akapanga hila. Mwezi wa Septemba 1888 akawaita wote ukingoni mwa ziwa, akawaamrisha wapande mitumbwi, kusudi awapeleke kisiwani awaache huko wafe kwa njaa. Siri ikavuja. Mfalme akaamrisha, nao wakasimama pwani hawakupanda. Akarudi kwake akiwa amekwisha vunjika, kwani mtawala akitoa amri isitiiwe mbele ya macho ya watu, utawala wake umekwisha siku hiyo, hata akiendelea kukaa kitini.

Waislamu na Wakristo wakaungana, wakaiendea Mengo na silaha zao. Mwanga akakimbilia ziwani na vijana wachache, akaelekea kusini kwa mtumbwi. Ilikuwa mara ya kwanza Kabaka kufukuzwa na watumishi wake mwenyewe. Wakamtawalisha ndugu yake mkubwa, Kiwewa, ijapokuwa ada ya Waganda haimpi mwana wa kwanza ufalme. Vyeo vikagawanywa baina ya makundi. Ilikuwa mwanzo wa mwaka 1306 wa Hijra.

Umoja wao haukutimiza wiki sita. Tarehe 12 Oktoba 1888 Waislamu wakawashambulia wakuu wa Kikristo wakawafukuza nchini, na wamisionari wakatolewa baada ya kunyang'anywa mali zao. Wakristo wakakimbilia Nkole. Kisha Waislamu wakamshika Kiwewa atahiriwe. Akaogopa kuvunja ada, akawaita barazani baadhi ya wakuu wa Kiislamu akawaua, kisha akakimbia. Akatawalishwa ndugu yake wa tatu, Kalema, aliyekubali kutahiriwa akaitwa Nuhu.

Basi hapo Waislamu wakawa na mfalme wao. Ndugu zetu wa pwani walipopata khabari walifurahi, wala si ajabu. Lakini tutazame enzi hiyo ilitumika vipi. Watu waliamrishwa kutahiriwa kwa nguvu, na wengi wakaikimbia nchi. Kiwewa akakamatwa akauawa. Kalema, kwa kuogopa asije akainuka mrithi mwingine, akawaua ndugu zake wana wa kifalme kwa wingi, wanaume kwa wanawake. Ni sheria gani ya Kiislamu inayoruhusu kumwua mtu kwa kuwa ni mtoto wa mfalme? Wanavyuoni wetu wameafikiana kuwa mtu halazimishwi kuingia katika dini, na kuwa nafsi isiyo na hatia ni haramu kumwagwa damu yake. Mambo yale yalikuwa ada za ikulu ya Buganda za tangu zamani, yakavishwa kanzu yakaitwa dini. Wala walimu hawakuwapo wa kuyakataza. Wengi wa waliokwenda huko kutoka pwani walikuwa wafanya biashara wa pembe na watumwa, wajuao mizani kuliko fikihi.

KURUDI KWAKE

Mwanga alikuwa wapi wakati huo? Alifika Magu, kusini mwa ziwa, kwa wafanya biashara Waarabu, wakamweka kama mateka kuliko mgeni. Akatoka kwao akakimbilia Bukumbi, kwa mapadre wa Kifaransa. Hebu tazama, msomaji: mapadre wale wale aliowaua vijana wao wakampokea, wakamlisha, wakaanza kumfundisha dini yao. Wakristo waliokimbilia Nkole wakaona kuwa bila mwana wa mfalme hawatapata wafuasi, wakamtumia ujumbe aje awaongoze. Hivyo wauawa wakamtafuta muuaji, na muuaji akawategemea aliowaua, kwa kuwa kila mmoja alimhitaji mwenziwe apate kurudi.

Mwaka 1889 mfanya biashara wa Kiirish, Charles Stokes, akampakia katika jahazi lake pamoja na bunduki na baruti, akamvusha. Watu wa visiwa vya Sese, mabingwa wa mitumbwi, wakawa upande wake. Mwezi wa Oktoba 1889 Kalema akashindwa, na Mwanga akaingia Mengo. Mwezi uliofuata Waislamu wakarudi na msaada wa Kabalega, mfalme wa Unyoro, wakamtoa tena, akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Mwezi wa Februari 1890 wakashindwa kabisa wakarejea mpakani mwa Unyoro, na Kalema akafa huko kwa ndui mwaka ule ule. Enzi yake yote Mengo haikutimiza mwaka mmoja.

Aliyerudi hakuwa Kabaka wa zamani. Vyeo vyote vilikwisha gawanywa nusu kwa nusu baina ya Wakatoliki na Waprotestanti, na Mwanga hakuweza kumweka wala kumwondoa mtu bila ya ridhaa yao. Apolo Kagwa, Mprotestanti ambaye Mwanga alipata kumpiga alipokuwa kijana wa ikulu, sasa ndiye Katikiro wake. Watu hawakusema tena kuwa sisi ni watu wa Kabaka. Walisema sisi ni Wafaransa, sisi ni Waingereza, ilhali wote ni Waganda.

Mwezi wa Disemba 1890 akafika Kapteni Lugard na askari wake na bombomu, akamtilisha saini mkataba tarehe 26. Mwezi wa Januari 1892 Mkatoliki mmoja alimwua Mprotestanti katika ugomvi wa bunduki. Mwanga akaamua kwa ada ya nchi kuwa aliyeua alikuwa akijilinda kwake, hana kosa. Lugard hakuikubali hukumu, akawapa Waprotestanti bunduki, na tarehe 24 Januari vita vikapigwa Mengo. Bombomu likaamua. Mwanga akakimbia tena kwa mtumbwi mpaka nchi ya Wadachi upande wa Bukoba. Aliporejea mwezi wa Machi aliwaacha Wakatoliki akahesabiwa upande wa Waprotestanti, kwa kuwa ndio walioshinda. Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa himaya ya Waingereza.

MWISHO WAKE

Kwa miaka mitatu alikaa kitini kama kivuli. Ushuru, biashara ya pembe na uteuzi wa wakuu vikamtoka mkononi kimoja kimoja. Tarehe 6 Julai 1897 akatoroka Mengo usiku kwenda Buddu, akainua bendera ya vita. Safari hii alipigania uhuru wa nchi yake, na watu wengi wa kila dini waliochoshwa na wakuu wapya wakamfuata. Tarehe 20 Julai akashindwa Kabuwoko. Akavuka kwa Wadachi, wakamfunga Mwanza. Mwezi wa Agosti Waingereza wakatangaza kuwa si Kabaka tena, wakamtawalisha mwanawe, Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, chini ya wasimamizi watatu: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Wote watatu walikuwa Wakristo.

Wakati huo askari wa Kisudani waliokuwa wakiwatumikia Waingereza, ambao ni Waislamu, wakaasi kwa mishahara midogo na safari zisizokwisha. Mwanga akatoroka Mwanza, akatangaza kuwa yeye sasa ni Mwislamu, akaingia Buddu. Mwezi wa Januari 1898 akashindwa tena, akaenda kaskazini kujiunga na Kabalega, adui wa zamani wa ukoo wake. Tarehe 9 Aprili 1899 wakakamatwa wote wawili katika nchi ya Walango. Wakahamishwa kwanza Kisimayu, kisha visiwa vya Seychelles, mahali ambapo Waingereza walikuwa wakiwaweka wafalme waliowavua enzi. Na Prempeh wa Ashanti naye alipelekwa huko. Huko Mwanga akabatizwa akaitwa Danieri, katika kanisa la Waingereza. Akafa tarehe 8 Mei 1903, mwaka 1321 wa Hijra, naye ana umri wa miaka kama thelathini na mitano. Mwaka 1910 mifupa yake ikarudishwa, ikazikwa Kasubi alipozikwa baba yake.

MAZINGATIO

Ndugu zetu, hesabuni. Alipokuwa na nguvu alizichukia dini zote. Alipofukuzwa alikwenda kwa Waarabu, akatoka kwao akaenda kwa mapadre wa Kifaransa. Bombomu lilipoamua akawa wa Waprotestanti. Alipotaka askari akawa Mwislamu. Na uhamishoni akafa Mprotestanti. Yaliyokuwa moyoni mwake anayajua Mwenyezi Mungu peke yake, wala sisi hatuhukumu nyoyo. Lakini tunayaona yaliyo dhahiri, nayo ni kuwa kila dini aliyoiingia aliiingia kama mtu aingiavyo chini ya mwembe mvua inaponyesha. Mvua ikikatika huondoka, wala hakumbuki mwembe ule ulikuwa wa nani.

Lakini lawama isiwe yake peke yake. Makundi nayo yalimtumia yeye kama alivyoyatumia. Waislamu walitaka mfalme aliyetahiriwa, Wakatoliki walitaka mfalme wa Kikatoliki, Waprotestanti walitaka wa Kiprotestanti, na kila kundi likadhani kuwa likikishika kiti dini yake imesimama. Matokeo yake ni kuwa mgeni mwenye bombomu alikuja akawaamua wote, akakichukua kiti.

Na tuitazame hasara iliyotupata sisi Waislamu, kwa kuwa ndiyo inayotuhusu. Mwaka 1888 tulikuwa kundi kubwa lenye heshima Buganda, tuliotangulia katika kusoma na katika kufa kwa ajili ya dini. Baada ya mwaka mmoja wa enzi iliyopatikana kwa panga, tulitoka mikono mitupu. Katika Mkataba wa mwaka 1900 nchi iligawanywa wilaya ishirini, na Waislamu wakabaki na Butambala peke yake. Vijana wetu wakakosa skuli kwa miaka mingi, kwa kuwa skuli zilikuwa za misheni, na baba akaona khatari kumpeleka mwanawe asije akageuzwa dini.

Aliyewaokoa Waislamu wa Buganda wasimalizike hakuwa yule aliyewatawalia kwa upanga. Ni Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa, waliyemfuata baada ya kufa Kalema. Yeye mwaka 1892 alikubali kuja kwa amani, akauacha ufalme aliokuwa akiitwa kwao. Mwaka 1893 akashukiwa akahamishwa Unguja bila ya kupigana, kisha akarudishwa. Askari wa Kisudani walipoasi mwaka 1897 na macho yote yakamwelekea, hakuungana nao, kwani aliona kuwa damu ya Waislamu itamwagika bure kwa mara ya tatu. Katika Mkataba wa 1900 akapewa maili 24 za mraba, yake na watu wake. Akaishi mpaka mwaka 1921, akiwakusanya watu katika sala na katika elimu. Mwanawe, Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi ya kilima cha Kibuli, na leo juu yake pana msikiti mkubwa na skuli walizosomea maelfu ya watoto wetu. Basi enzi ya Kalema imeacha nini, na subira ya Mbogo imeacha nini?

Tunayasema haya kwa kuwa maradhi yale hayajatoka katika miili yetu. Kila zinapokaribia siku za uchaguzi, huku kwetu ziwani na huko kwenu pwani, huonekana mtu ambaye miaka mitano hakuujua mlango wa msikiti, akaja amevaa kofia na kanzu, akakaa safu ya mbele, akaahidi mazulia na visima. Na sisi humwachia nafasi. Kamati za misikiti zikagawanyika, wengine wa huyu na wengine wa yule, hata watu waliosali bega kwa bega hawaamkiani. Uchaguzi ukipita, yeye huenda zake, nasi hubaki na ugomvi. Huyo ni Mwanga mpya, na sisi ni yale makundi ya zamani.

Hatusemi kuwa Mwislamu asishiriki katika mambo ya nchi yake, wala asimchague kiongozi mwema. Hilo ni haki yake na huenda likawa wajibu wake. Tunasema kuwa dini isifanywe ngazi ya kupandia mtu kitini, wala kiti kisidhaniwe kuwa ndio nguzo ya dini. Nguzo ya dini ni mwalimu aliye na vitabu vyake, na mtoto aliye na ubao wake, na mfanya biashara aliye na mizani ya haki, na jirani asiyekuwa Mwislamu anayekuamini akakuwekea amana yake. Wenye mambo hayo hata wakikosa enzi hawatoweki. Na wasiokuwa nayo, hata wakipewa enzi ya Buganda nzima, itawatoka kabla ya mwaka kutimia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu vijana waliokufa Namugongo wakiishika dini yake, amrehemu Nuhu Mbogo na wote waliojenga bila ya kumwaga damu, na atujaalie sisi na nyinyi kuwa watu wa kuzingatia. Amin.